Mlango huoza, lango hubaki

Msomaji mmoja, mwalimu wa historia, ameandika hivi: "Nimesoma kwamba kwenye Mfereji wa Midi kule Ufaransa kuna malango yaliyojengwa zaidi ya miaka 300 iliyopita na mashua bado zinapita. Hapo hapo nikasoma kwamba Uingereza milango ya mbao ya malango kama hayo hubadilishwa kila baada ya miaka 25 hivi. Sasa kilichodumu ni nini? Na watu wale, bila mashine wala saruji ya leo, waliwezaje kujenga chumba cha mawe kinachojazwa maji na kumwagwa kila siku bila kuvuja wala kubomoka?"

Mwalimu, umeuliza maswali mawili kwa mpigo, na la pili ndilo linalofungua la kwanza. Nitaanza na ujenzi, halafu nirudi kwenye suala la nini kimedumu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Ninaposema lango nina maana ya chumba kizima: kuta mbili ndefu, sakafu, na milango ya juu na ya chini. Mashua huingia, mlango hufungwa nyuma yake, maji huongezwa au hupunguzwa mpaka yalingane na yale ya upande inakoelekea, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Katika malango ya kale hakuna pampu wala injini inayopandisha mashua. Maji hufuata mkondo, na kazi ya mlinzi wa lango ni kuyafungulia njia na kuyazibia. Mfereji wa Suez hauna lango hata moja kwa sababu bahari mbili zinazoungana pale zinakaribiana usawa. Panama, ambako meli hupandishwa mita 26 hadi Ziwa Gatun na kushushwa tena upande wa pili, haiwezi kufanya kazi hata siku moja bila malango.

Kabla ya kupatikana chumba, kulikuwa na mlango mmoja tu uliokatiza mto. Maji yalikusanywa nyuma yake, mlango ukafunguliwa, na mashua iliyokuwa ikishuka ikabebwa na kishindo cha maji. Iliyokuwa ikipanda ilivutwa kwa kamba dhidi ya kishindo hicho hicho. Watu walizama na shehena zikapotea. Njia nyingine, iliyotumika sana China, ilikuwa kuikokota mashua kwa kamba juu ya mteremko uliojengwa na kuitelemsha upande wa pili.

Mwaka 984 Qiao Weiyue, ofisa wa usafirishaji katika utawala wa Song, aliamua kuikomesha hali hiyo kwenye Mfereji Mkuu wa China. Matishari yaliyobeba nafaka ya kodi yalikuwa yakipasuka kwenye miteremko ile, na palipotokea mpasuko, wafanyakazi waliokula njama na wezi waliojificha jirani walijichotea. Qiao akaamuru ijengwe milango miwili ya kupandishwa na kushushwa, umbali kati yake ukiwa zaidi ya hatua 50, na nafasi ya katikati ikaezekwa paa kubwa. Kumbukumbu za Song zinasema maji yalikusanyika mle ndani kama maji kujaa pwani, mpaka yakafika kimo kilichotakiwa, kisha yakaachiwa kwa wakati wake. Wizi ukaisha. Huwa nawaambia vijana ninaowafundisha kazi hii ya kutengeneza malango wasiisahau habari hiyo: lango la chumba la kwanza ambalo tunamjua aliyelijenga lilitokana na nafaka iliyokuwa ikiibwa.

Ulaya ilichelewa. Uholanzi ilikuwa na lango la chumba huko Vreeswijk mwaka 1373. Milan ilijenga la kwake, Viarenna, mwaka 1439, ili marumaru ya kanisa kuu iweze kufika karibu na mahali pa ujenzi kwa maji badala ya kubebwa kwa mikokoteni. Miongo michache baadaye Leonardo da Vinci alihamia mji huo huo, na katika michoro yake tunauona mlango ambao mpaka leo haujapata mbadala ulio bora kuushinda: mbawa mbili zinazokutana kwa pembe, na kilango kidogo cha kupitishia maji ndani ya ubawa wenyewe.

Tukae kidogo hapo, maana mlango huo ndio unaoonekana katika kila picha na ni wachache wanaojua siri yake. Mbawa zake mbili zinapofungwa hazinyooki kwa mstari mmoja kama za mlango wa nyumba. Zinafanya kona, na ncha ya kona inaelekea juu, kule maji yanakotoka. Kwa hiyo maji yakisukuma hayawezi kuzifungua, yanazidi kuzibana. Kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo mfaa wa ubawa huu, yaani ukingo wake wa kukutania, unavyokaza dhidi ya mfaa wa ule. Chukua ubawa wa upana wa mita 2 unaozuia maji ya kina cha mita 4 wakati upande wa pili ni mtupu: msukumo juu yake ni kama tani 16. Hakuna komeo wala pingo. Tani hizo 16 ndizo komeo lenyewe.

Pembe ikiwa ndogo mno, yaani mbawa zikikaribia kunyooka, nguvu inayokwenda kwenye kuta huwa kubwa kupita kiasi. Pembe ikiwa kali, mbawa zinalazimika kuwa ndefu na nzito. Mafundi wa karne nyingi, wengi wao bila hesabu yoyote ya kwenye karatasi, walitulia kwenye digrii 20 hivi kwa kila ubawa, na hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba hawakukosea.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini mlango haufunguki mpaka maji yalingane. Tofauti ya sentimita moja tu, kwenye ubawa ule ule wenye maji pande zote mbili, ni uzito wa kilo 80. Sentimita 10 ni kilo 800. Mgeni huiegemea boriti ndefu iliyolala juu ya ubawa, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mlango usitikisike. Halafu, pasipo mtu kufanya lolote, ule uzi wa maji uliokuwa ukichuruzika kati ya mbawa unanyamaza, na boriti ile ile inasogea kwa kuegemewa na mgongo tu. Nimeliona hilo mara zisizo na idadi na bado husimama kutazama.

Boriti hiyo ina kazi mbili. Ni mkono wa kusukumia, na pia ni uzito wa kusawazisha, ili ubawa usiinamie upande wa maji na kuchosha egemeo lake. Upande wa ukutani, nguzo ya ubawa imechongwa mviringo na hukaa ndani ya mwimo wa jiwe uliochongwa nusu duara. Ukiangalia haraka utadhani nguzo inazunguka mle ndani kama mchi kwenye kinu. Sivyo. Fundi hodari huliweka egemeo la chuma kando kidogo ya kitovu cha mviringo, kwa kiasi cha unene wa kidole au pungufu. Matokeo yake ni kwamba ubawa ukianza kufunguka, nguzo inaachana na jiwe mara moja. Ukifungwa, inarudi na kulikumbatia jiwe mpaka maji hayapiti. Mbao haisagiki, jiwe haliliki. Nimewahi kupitisha kiganja kwenye mwimo wa miaka 200 nikaukuta laini kama siku ulipochongwa, ingawa umepokea milango mingi.

Hayo ni ya mlango. Lakini mlango ndio sehemu rahisi.

Mtu akiona lango limejaa mpaka juu hudhani hatari ni maji kuzisukuma kuta kwenda nje. Ukweli ni kinyume. Lango likiwa limejaa, maji ya ndani na udongo wa nyuma vinasukumana, na ukuta uliokaa katikati unapumzika. Hatari inakuja linapomwagwa. Ndani inabaki hewa tupu, huku nyuma ya ukuta kuna udongo uliolowa, unaobeba maji ya mvua na yale yanayopenya kutoka mfereji wa juu, na vyote vinasukuma kuelekea ndani. Sakafu nayo inasukumwa kutoka chini na maji ya ardhini. Kila mashua inayoshuka inaurudia mtihani huo. Malango mengi niliyoyaona yamebomoka hayakuvunjwa na maji yaliyokuwa ndani. Yalivunjwa na maji yaliyokuwa nyuma.

Pierre-Paul Riquet alijifunza hilo kwa hasara. Alianza Mfereji wa Midi mwaka 1666 kwa malango ya kuta zilizonyooka, kama mtu yeyote angefanya, na ukuta wa mojawapo ukabomoka wakati kazi ikiendelea. Hakuongeza tu unene. Alibadilisha umbo. Malango yake yaliyofuata yana tumbo: kama mita 6 kwenye milango, mita 11 katikati, kwa urefu wa mita 30 hivi. Ukiyatazama kutoka juu unaona kila ukuta ni tao lililolazwa ubavu, mgongo wake ukiwa kwenye udongo. Udongo ukisukuma, mawe yanabanana badala ya kuachana, kwa kanuni ile ile inayosimamisha tao la daraja. Gharama yake ni maji, kwa sababu chumba chenye tumbo humeza maji mengi zaidi kila kinapojazwa. Riquet alikubali gharama hiyo, akaenda kuyatafuta maji kwenye Milima Myeusi, Montagne Noire, akajenga bwawa la Saint-Ferréol, na kuyaelekeza Naurouze, mahali pa juu kabisa pa mfereji, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Wakati kazi imepamba moto alikuwa na wafanyakazi kama 12,000, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwao, wakichimba na kubeba udongo. Alifariki mwaka 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1681. Karibu na Béziers, huko Fonserannes, vyumba vyake vinane vimefuatana kama ngazi, na vilijengwa kuiteremsha mashua mita 21.5. Mimi naona ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote za aina yake, na sisemi hivyo kwa sababu ya umri wake. Umbo lenyewe linakueleza tatizo lililolizaa.

Sasa, walijengaje? Kwanza lilichimbwa shimo kubwa kuliko lango lenyewe, na kulikausha ilikuwa vita ya usiku na mchana: ndoo, parafujo za mbao za kupandishia maji, pampu za kuzungushwa na farasi, na baadaye mvuke. Ardhi ikiwa laini, nguzo za mbao zilipigwa chini moja kando ya nyingine na juu yake ikatandikwa sakafu ya mbao nene. Mbao hizo hazikuoza, kwa sababu zilizama moja kwa moja mahali pasipo hewa. Kwingine sakafu ilijengwa kwa tofali au jiwe kama tao lililopinduliwa, mfano wa tumbo la mashua, ili maji ya ardhini yakisukuma kwenda juu tofali zibanane. Kisha kizingiti, boriti au jiwe pana sakafuni ambalo mbawa hujibana nalo kwa chini. Kizingiti cha mlango wa juu kimesababisha ajali nyingi: mashua ikishuka huku tezi lake, yaani sehemu ya nyuma, limekaa juu ya kizingiti, maji yanapungua, tezi linabaki limening'inia, na omo, sehemu ya mbele, linazama. Siku hizi hupigwa mstari wa rangi ukutani kuonyesha kizingiti kinapoishia. Kama utasafiri kwa mashua ya mfereji, uangalie mstari huo kuliko mandhari.

Nyuma ya kuta walishindilia udongo wa mfinyanzi. Waingereza wanamkumbuka zaidi James Brindley kwa kazi hiyo, katika mifereji ya miaka ya 1760 na 1770. Udongo ulikatwakatwa, ukamwagiwa maji, ukakandwa kwa miguu ya watu au kwa kuswaga ng'ombe juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa kitu kimoja kizito kisicho na tundu wala ufa. Udongo ule ule usipokandwa huvuja. Ukikandwa vizuri hushika maji kama chungu. Una sharti moja tu: usikauke. Ukikauka unapasuka, na kuulowesha tena hakurudishi hali ya kwanza. Kwa hiyo mfereji uliokaushwa na kuachwa kwa miaka mingi haungoji tu kujazwa. Umeshapoteza kinga yake, na kuurudisha karibu ni sawa na kujenga upya.

Kuhusu kujenga bila saruji, hapa nikusahihishe kidogo, mwalimu, kwa sababu hawakuwa mikono mitupu. Chokaa ya kawaida huganda kwa kukutana na hewa, na ukiitia majini inabaki uji. Lakini Warumi walishajua kwamba ukiichanganya na majivu ya volkano inaganda hata chini ya maji, na Waholanzi walisaga mawe ya volkano kutoka Ujerumani kwa kazi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1750 mhandisi Mwingereza John Smeaton, alipokuwa akitafuta chokaa ya kujengea mnara wa taa wa Eddystone baharini, aligundua kwamba siri iko kwenye jiwe lenyewe: chokaa inayotokana na jiwe lenye mfinyanzi ndani yake ndiyo inayoganda majini. Ng'ambo ya Atlantiki, wajenzi wa Mfereji wa Erie walianza wakiwa hawana chokaa ya namna hiyo. Kijana wao Canvass White alikwenda Uingereza, akatembea kwa miguu mfereji hadi mfereji akitazama na kuchora, na aliporudi alipata mwaka 1818 jiwe la kufaa kule Chittenango, jimbo la New York, karibu kabisa na njia ya mfereji wenyewe. Malango 83 ya Erie yalikuwa tayari mfereji ulipofunguliwa mwaka 1825.

Chokaa hiyo ina tabia ambayo saruji ya leo haina. Ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukisogea kidogo, na kila ukuta wa lango husogea, kiungo ndicho kinachotoa nafasi na jiwe linasalimika. Nyufa ndogo hujiziba zenyewe kadiri maji yanavyoyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena mahali pengine. Na inapitisha unyevu, kwa hiyo maji ya nyuma ya ukuta yanapata pa kutokea polepole.

Niliwahi kuitwa kutazama lango moja la tofali la karne ya 18 lililokuwa limetoa tumbo upande mmoja. Miaka kumi nyuma yake kampuni iliyopewa kazi ya ukarabati ilikwangua viungo vyote vya chokaa na kuvijaza saruji ngumu, na kwa nia njema kabisa ikaziba vitundu vya chini vilivyokuwa vikidondosha maji, ikidhani inazuia uvujaji. Uso wa tofali ulikuwa ukimeguka maganda. Ukigonga kwa nyundo unasikia uwazi ndani. Tulipotoboa tundu la kwanza, karibu na sakafu, maji yaliruka kwa nguvu na kunilowesha kifua, yakaendelea hivyo kwa muda mrefu kabla ya kutulia na kuwa matone. Maji yale yalikuwa yamefungiwa mle kwa miaka kumi, yakiusukuma ukuta kila lango lilipomwagwa. Tulikwangua saruji yote kwa patasi, kiungo kimoja kimoja, na kurudishia chokaa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye lango inabidi kwanza ujue ufa ni upi na tundu la kupumulia ni lipi.

Maji ni fedha ya mfereji, na kila mashua hulipa. Lango jembamba la Kiingereza, la upana wa mita 2 na kitu na urefu wa mita 22 hivi, hushusha zaidi ya lita 100,000 kila linapomwagwa. Panapokuwa na malango mengi mfululizo hesabu inakuwa ngumu, kwa sababu katikati ya lango na lango hapabaki urefu wa mfereji wa kuhifadhia maji. Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, Uingereza, ina malango 29 yanayopanda mita 72, na 16 kati yake yamepangana mlimani moja kwa moja. Mhandisi John Rennie alitatua kwa kuyapa 15 kati ya hayo 16 bwawa pana la pembeni kila moja, kwa hiyo ukisimama chini unaona milango myeupe na myeusi ikipanda kilima kama ngazi, na karibu kila daraja lina kidimbwi chake ubavuni. Yalikamilika mwaka 1810. Katikati ya karne ya 20 yaliachwa, milango ikaoza, miti ikaota ndani ya vyumba. Chama cha kutetea njia za maji za Uingereza kiliundwa mwaka 1946, na kwa miaka iliyofuata watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za nchi walitoa tope na miti kwa mikono yao siku za mapumziko. Caen Hill ilifunguliwa upya na Malkia Elizabeth II mwaka 1990.

Sasa ndiyo tunaweza kurudi kwenye swali lako la kwanza.

Mlango wa mwaloni huishi miaka 25 hivi, zaidi kidogo ukitunzwa. Hauozi kote. Sehemu inayozama daima hubaki ngumu. Inayokaa hewani nayo hukauka vizuri. Inayooza ni ile ya katikati, kwenye mstari wa maji, inayolowa na kukauka kila mashua ikipita. Kwa hiyo lango la mwaka 1774, kama yale matano ya Bingley, Uingereza, limeshabadilishiwa milango mara nyingi. Ukiuliza mbao za Brindley au za Riquet ziko wapi, jibu ni kwamba hazipo. Kwenye Midi yenyewe milango mingi sasa ni ya chuma.

Je, hilo linalifanya lango kuwa la uongo? Wataalamu wa urithi waliligombania jambo hili muda mrefu, na mwaka 1994 walikutana Nara, Japani, nchi ambayo mahekalu yake ya mbao yamekuwa yakitengenezwa upya sehemu kwa sehemu kwa karne nyingi. Walikubaliana kwamba uhalisi wa kitu haupimwi kwa malighafi peke yake. Unapimwa pia kwa umbo, matumizi, mahali na ufundi. Kwa lango naona hilo ni sahihi kabisa. Mlango ulibuniwa tangu mwanzo kuwa kitu cha kubadilishwa. Aliyeujenga ukuta aliacha mifuo ndani ya mawe, juu na chini ya chumba, ili mbao za kuzuia maji zitumbukizwe, chumba kikaushwe, na mlango mpya uingizwe. Yaani siku ileile ya kuuweka mlango wa kwanza alikuwa ameshamfikiria fundi atakayeweka wa pili, wa tatu na wa nane.

Na kila mlango mpya bado hupimwa kwa mwimo wake wenyewe. Hakuna malango mawili yanayolingana hasa, hata yaliyojengwa na watu wale wale mwaka ule ule, kwa sababu kuta zimesogea kila moja kwa namna yake. Ukileta mlango uliotengenezwa kwa vipimo vya jirani utavuja siku ya kwanza. Fundi hushuka chumbani, hupima kipenyo cha mwimo, mteremko wa kizingiti, umbali wa ukuta hadi ukuta juu na chini, kisha huchonga nguzo kidogo kidogo mpaka ikubaliane na jiwe. Ustadi huo ukipotea kwa kizazi kimoja, malango yote ya mbao yatakuwa picha za kutazamwa tu.

Ninachohuzunikia mimi ni hasara ya aina nyingine. Katika karne ya 20 baadhi ya malango ya Midi karibu na Toulouse yalirefushwa na kunyooshwa ili yapokee mashua kubwa. Mfereji ule uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, lakini pale tumbo alilobuni Riquet limeondoka, na pamoja nalo limeondoka jibu lake kwa ukuta ulioanguka. Viarenna ya Milan nayo bado ipo, lakini mifereji ya katikati ya mji ilifunikwa kuanzia mwaka 1929 na hakuna mashua inayopita. Linganisha na Mfereji wa Rideau kule Kanada, uliokamilika mwaka 1832 chini ya Kanali John By, baada ya kuua mamia ya wafanyakazi, wengi kwa malaria. Ngazi ya malango manane pale Ottawa bado huendeshwa kwa kuzungusha mikono ya chuma. Mbao zake zimebadilishwa mara nyingi, mawe mengine pia, lakini mlinzi wa lango wa leo anafanya karibu yale yale aliyoyafanya wa kwanza, na maji yanaitikia vile vile.

Kwa hiyo ukiwafundisha wanafunzi wako, waambie kilichodumu ni umbo, mahali, sehemu kubwa ya mawe, udongo ule usioonekana nyuma yake, na kazi ya kila siku. Ukiondoa hiyo ya mwisho, vingine navyo huanza kwenda, kwa sababu lango lisilotumika hukauka, na nimeshakueleza udongo ukikauka huwaje.

Ukipata nafasi ya kufika Uingereza majira ya baridi, uliza kuhusu siku ambazo lango lililokaushwa kwa matengenezo hufunguliwa kwa wananchi. Utashuka ngazi hadi sakafuni. Sogea ukutani, chini ya mstari wa maji, tafuta mkwaruzo mdogo kwenye uso wa jiwe: msalaba, mshale, pembetatu. Kila mwashi alikuwa na alama yake, aliyoichora ili alipwe kwa mawe aliyochonga. Alama za kule juu zimefutwa na kamba na mvua. Hizo za chini bado ni kali kiasi cha kukwama kwenye ukucha, na jioni yake wataondoa mbao, na maji yatazifunika tena.